Kuchagua hoteli ya kifahari kwa familia ya Kiyahudi inayoshika dini: anzia Ijumaa jioni

Kadiri hoteli inavyokuwa ya bei kubwa, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kwa Myahudi anayeshika Sabato. Mlango unafunguka kwa kadi, taa zinawaka mtu akipita, pazia linajivuta lenyewe, choo kinajisafisha mtu akiinuka. Siku sita za juma hizo ni starehe. Tangu jua kuzama Ijumaa hadi nyota kuonekana Jumamosi usiku, muda wa saa zipatazo 25, kila kimoja kati ya hivyo ni kuwasha au kuzima umeme, jambo ambalo mshika Sabato halifanyi. Familia iliyolipa pesa nyingi inaweza kujikuta imesimama kwenye ujia mbele ya chumba chake yenyewe, watoto wamechoka, na mlango haufunguki.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayepanga safari ya namna hiyo: baba au mama wa familia yenyewe, wakala wa safari aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Dubai anayewapangia wateja, au meneja wa hoteli anayetaka kuwapokea wageni hawa inavyostahili. Nitatumia Roma kama mfano, maana Wayahudi wameishi huko kwa zaidi ya miaka 2,000, hoteli za kifahari ni nyingi, na makosa ya kuchagua yanaonekana wazi. Ushauri wangu mkuu ni huu: weka nyota za hoteli kando kwanza. Tafuta mahali ambapo Sabato itapita kwa utulivu, kisha panga siku nyingine kuizunguka hiyo.

Hatua ya kwanza: iulize familia kabla ya kufungua tovuti yoyote

"Wayahudi wanaoshika dini" si kundi moja lenye desturi moja. Kuna familia itakayopanda lifti ya Sabato, ile inayojiendesha na kusimama kila ghorofa bila mtu kubonyeza kitufe, na kuna nyingine ambayo rabi wake haikubali kabisa. Kuna wanaokunywa maziwa ya kawaida ya dukani, na kuna wasiogusa ila yaliyokamuliwa chini ya usimamizi wa Myahudi. Ukikisia utaharibu.

Uliza: wanakubali cheti cha kosheri, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, cha nani? Wapo watoto wangapi wa kubebwa au kusukumwa kwenye kigari? Kuna mzee asiyeweza kupanda ngazi? Wanahitaji mabwawa au saa za kuogelea ambazo wanaume na wanawake wametengana? Wanaume wanataka kusali na jamaa asubuhi na jioni kila siku, au Sabato tu? Sala ya jamaa huhitaji watu kumi, na kwa washika dini wa kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaofuata mapokeo kikamilifu, hao kumi ni wanaume wazima.

Swali moja ni la faragha, kwa hiyo usilisubiri kuambiwa. Wenzi wengi wanaoshika sheria huhitaji vitanda viwili vinavyoweza kutenganishwa badala ya kimoja kikubwa. Andika tu katika maombi ya chumba cha wazazi "vitanda viwili vinavyotengana", bila kuuliza sababu. Hoteli nyingi za kifahari huona kwamba zinawafadhili wenzi kwa kuwapa kitanda kikubwa cha mfalme, na mara nyingi hakuna kingine katika vyumba vizuri zaidi. Hili lijulikane kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: tazama jua la kule, si la kwenu

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea jua linalozama saa 12 na ushei jioni mwaka mzima, na mazoea hayo hutudanganya. Katikati ya Desemba jua la Roma huzama karibu saa 10:40 jioni. London ni mapema zaidi: kabla ya saa 10 kamili. Mwezi Juni Roma huzama karibu saa 2:47 usiku na London baada ya saa 3:20 usiku, kwa hiyo Sabato ya London ya kiangazi humalizika watoto wakiwa wamelala zamani.

Mishumaa ya Sabato huwashwa kabla ya jua kuzama, kwa desturi ya wengi dakika 18. Sasa linganisha na saa ya kupokea chumba. Hoteli nyingi hutoa chumba saa 9 alasiri, ile 15:00 unayoiona katika barua zao. Familia inayofika London Ijumaa ya Desemba na kupewa chumba saa 9 imebakiwa na muda usiofika saa moja wa kuoga watoto, kupanga chakula na kuwasha mishumaa. Ndege ikichelewa, Sabato inawakuta uwanjani. Majira ya baridi, fikeni Alhamisi au Jumatano. Usikubali mteja akuambie "tutawahi".

Upande wa pili ni kutoka. Jumamosi saa 5 au 6 mchana hoteli inataka chumba chake, lakini familia haiwezi kufunga mizigo, kulipa wala kupanda gari. Lipia usiku wa kuamkia Jumapili hata kama wataondoka baada ya giza kuingia. Ahadi ya mdomo ya kuchelewa kutoka haitoshi, maana zamu hubadilika.

Angalia pia kalenda ya Kiyahudi. Nje ya Israeli sikukuu kubwa nyingi huwa za siku mbili, na zikigusana na Sabato zinakuwa siku tatu mfululizo zenye masharti yanayokaribiana. Siku tisa za kwanza za mwezi wa Av, ambazo huangukia Julai au Agosti, wengi hawali nyama siku za kazi wala hawaogelei kwa starehe. Kulipia hoteli ya ufukweni wakati huo ni kupoteza pesa. Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi usihangaike na hoteli ya kawaida: tafuta waandaaji wanaokodi hoteli nzima na kuligeuza jiko lake kuwa la kosheri ya Pasaka. Italia ni mojawapo ya nchi ambako hufanyika.

Hatua ya tatu: pima kwa miguu

Siku ya Sabato hakuna gari. Weka sinagogi katikati ya ramani, kisha utafute hoteli.

Roma, sinagogi kubwa, Tempio Maggiore, iliyokamilika 1904, iko kando ya mto Tiber katika mtaa uliokuwa geto, yaani eneo ambako Wayahudi walilazimishwa kukaa, tangu 1555. Hatua chache kutoka hapo ni Via del Portico d'Ottavia, penye migahawa ya kosheri iliyopangana. Hoteli za upande wa Piazza Navona na Campo de' Fiori ni mwendo wa dakika 10 hadi 20. Hata Trastevere, ng'ambo ya mto, ni karibu: unavuka kupitia kisiwa cha Isola Tiberina. Via Veneto, mtaa maarufu wa hoteli za kifahari, ni nusu saa hivi ya kutembea. Kijana ataiweza, bibi mwenye magoti mabaya hataiweza, na joto la Julai litamshinda hata kijana. Zile za juu ya kilima cha Monte Mario zina mandhari ya kupendeza na bustani kubwa, lakini kwa Sabato ziko mbali mno. Jumatatu hadi Alhamisi sina neno nazo.

Kumbuka mawe. Barabara za Roma ya zamani zimetandikwa vijiwe vinavyotikisa kigari cha mtoto hadi mtoto alie. Halafu kuna suala la kigari chenyewe: siku ya Sabato haikubaliki kubeba au kusukuma kitu barabarani isipokuwa ndani ya eruvu, yaani eneo lililozungushiwa mpaka unaotambuliwa kisheria, mara nyingi kwa nyaya na nguzo. Pasipo eruvu, mtoto asiyeweza kutembea habebwi kwenda sinagogi, na mmoja wa wazazi, mara nyingi mama, anabaki hotelini siku nzima. Familia yenye watoto wadogo ipelekwe kwenye eruvu ikiwezekana. London ya kaskazini-magharibi ina yake tangu 2003, imezunguka maeneo kama Golders Green na Hendon. Hoteli za fahari za Mayfair ziko kilomita kadhaa kusini ya hapo. Zina sinagogi jirani, kama ile ya Marble Arch, lakini usidhani eruvu ya Hendon inafika kwao. Kila jumuiya yenye eruvu huikagua kila wiki, kwa hiyo siku ya Ijumaa thibitisha kwamba haijakatika.

Jambo la usalama sasa. Sinagogi ya Roma ilishambuliwa tarehe 9 Oktoba 1982, na tangu hapo ulinzi wake ni mkali. Karibu kote Ulaya mgeni haingii sinagogi kwa kubisha hodi tu. Wataomba jina na nakala ya pasipoti mapema. Tuma kwa barua pepe siku kadhaa kabla, kwa sababu siku yenyewe, pasipo eruvu, mgeni hawezi hata kubeba pasipoti mfukoni. Usiliache hili mpaka Ijumaa mchana ofisi zikiwa zimeshafungwa.

Kwa wanaopokea wageni kwetu: sinagogi ya Nairobi iko karibu na makutano ya University Way na Uhuru Highway, na hoteli ya Norfolk, ambayo Abraham Block, Myahudi aliyekuwa mmoja wa waasisi wa biashara ya hoteli Kenya, aliinunua 1927, iko umbali wa kutembea.

Hatua ya nne: zungumza na fundi wa jengo

Hapa ndipo wapangaji wengi wanaposhindwa. Wanamuuliza mhudumu wa mapokezi, naye kwa nia njema anajibu "tunawapokea Wayahudi mara nyingi, hakuna shida". Hajui vihisi vya umeme (sensa) vya chumba vinavyofanya kazi. Anayejua ni fundi mkuu wa jengo. Omba meneja wa zamu akuunganishe naye, au amfikishie maswali yako kwa maandishi.

Anza na mlango wa chumba. Je, kuna vyumba vyenye ufunguo wa chuma? Roma wapo wenye majumba ya kale yaliyogeuzwa hoteli ambao bado wanavyo. Kama ni kadi tu, je, komeo lina tundu la ufunguo wa dharura? Kitasa cha ndani kinafungua kwa nguvu ya mkono pekee, au nacho kinawasha taa au kutuma ishara? Jibu la swali hili la mwisho likiwa zuri, suluhisho bora ni vyumba vinavyoungana kwa mlango wa ndani: familia nzima inakuwa na njia moja ya kuingilia, na mmoja aliyebaki anawafungulia wengine kwa kitasa. Usiwaruhusu wabandike gundi kwenye ulimi wa mlango bila hoteli kujua. Chumba chenye mali ya watu wanane kitakuwa wazi. Kuhusu mhudumu kuwafungulia: kwa kawaida Myahudi haruhusiwi kumwagiza asiye Myahudi amfanyie kazi iliyokatazwa siku ya Sabato, kwa hiyo utaratibu wowote wa namna hiyo upangwe mapema na rabi wa familia aulizwe.

Ndani ya chumba: taa za chini ya kitanda na za bafuni zinazowaka kwa mwendo zizimwe kabisa kwenye mfumo. Kiyoyozi kinachojizima kikihisi chumba kitupu kiwekwe katika hali ya kudumu. Kadi ya kuwashia umeme ibaki kwenye nafasi yake saa zote. Friji ndogo inayotoza bili ukiinua chupa iondolewe vitu, na taa yake ifunguliwe balbu au kitufe chake kizibwe. Choo cha kujisafisha chenyewe kibadilishwe kiwe cha kubonyeza; kama haiwezekani, badilisha chumba. Mfumo wa pazia na taa unaoongozwa kwa tableti uwe na swichi ya kawaida ya kuuzima.

Kisha ngazi, na hapa soma polepole. Omba ghorofa ya kwanza au ya pili. Lakini ngazi nyingi za hoteli ni za dharura ya moto: mlango unafunguka ukitoka kwenye ghorofa, haufunguki ukitaka kurudi. Familia inashuka salama kwenda kula, halafu inagundua kwamba haina njia ya kupanda. Mingine inalia king'ora. Uliza maswali mawili tofauti: naweza kushuka kwa ngazi bila king'ora? Naweza kurudi ghorofani kwa ngazi hizo hizo bila kadi? Dubai, kwenye minara ambako vyumba vya bei huanzia juu sana, majibu ya maswali haya peke yake huondoa nusu ya orodha.

Mwisho ni mlango mkuu. Kama ni wa kufunguka wenyewe kwa kihisi, lazima uwepo mlango wa pembeni wa kusukuma kwa mkono, na usifungwe usiku, kwa maana sala ya Ijumaa wakati wa kiangazi huisha usiku.

Hatua ya tano: chakula

Msomaji wa Pwani anaweza kudhani chakula halali kinatosha. Hakitoshi, ingawa dini zote mbili zinakataza nguruwe na damu. Kosheri hutenganisha nyama na maziwa, hata vyombo vyake, na wengi husubiri muda unaofikia saa sita baada ya nyama kabla ya kunywa chai ya maziwa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba: kamba, kaa, pweza, ngisi na papa wote hawaliwi. Chakula cha mboga tupu nacho si kosheri kwa kuwa hakina nyama, maana sufuria na kisu vilikwisha pika vingine, na kwa vyakula vingi Myahudi lazima ashiriki katika kupika, walau kwa kuwasha moto. Hoteli ikikuandikia "mtindo wa kosheri", soma kwamba si kosheri.

Una njia tatu. Hoteli yenye jiko la kosheri na msimamizi wake ni nadra nje ya Israeli. Ukiipata, omba cheti chenye tarehe na jina la anayekitoa. Njia ya pili, ninayoipendelea kwa Roma, ni hoteli nzuri iliyo karibu na migahawa ya kosheri itakayoleta chakula. Agiza na kulipia kabla: chakula cha Ijumaa usiku na Jumamosi mchana, divai ya kubarikia, mikate miwili kwa kila mlo. Njia ya tatu ni chumba kikubwa chenye jiko lake, lakini jiko la hoteli limepikia kila kitu, hivyo familia italazimika kuwa na vyombo vyake na kufuata maelekezo ya rabi kuhusu oveni na jiko.

Hata penye cheti, familia na familia hutofautiana. Mwaka 2018 Baraza kuu la Marabi la Israeli lilisema artichoki (aina ya mboga) nzima ya kukaangwa, chakula ambacho Wayahudi wa Roma hujivunia, si kosheri kwa sababu wadudu hujificha kati ya majani yake. Wayahudi wa Roma hawakukubali, na wanaendelea kuila. Mgeni wako anaweza kuwa upande wowote. Usimwagizie kabla ya kumuuliza.

Wahudumu wafundishwe mambo mawili. Chakula kilichofungwa kwa lakiri hupashwa moto kikiwa ndani ya tabaka mbili za foili, na kinaletwa mezani lakiri ikiwa nzima; familia ndiyo inayokifungua. Mhudumu mkarimu akikifungua jikoni na kukipanga kwenye sahani nzuri ya hoteli, amewanyima mlo. Na divai asiifungue wala kuimimina, kwa sababu isipokuwa ile iliyochemshwa, washika dini wengi hawainywi ikishughulikiwa na asiye Myahudi. Awaachie chupa na kifungulio.

Kupasha moto siku ya Sabato kuna sheria zake. Uliza kama wanaruhusu bamba la moto chumbani. Hoteli nyingi hukataa kwa hofu ya moto, na wana haki. Mbadala ni kabati la joto la jikoni ambamo chakula kilichofungwa huwekwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Kwa hofu hiyo hiyo, omba mahali salama pa kuwashia mishumaa, mbali na vihisi moshi, kwa mfano pembe ya ukumbi wa kulia ambako familia itakula.

Kwenye ndege, agizeni mlo wa kosheri, unaoandikwa KSML kwenye tiketi, siku mbili au zaidi kabla ya safari.

Hatua ya sita: yaandike yote, kisha Ijumaa mchana yakague

Tuma barua moja kwa hoteli yenye maswali haya yote, ukitaja tarehe na namba ya vyumba, na usilipe malipo yasiyorudishwa kabla ya kujibiwa nukta kwa nukta. Hoteli inayojibu "tutafanya kila tuwezalo" haijajibu. Inayojibu "chumba 104 na 105 vinaungana, choo ni cha kubonyeza, ngazi ya upande wa ua haina king'ora" ndiyo hoteli yako, hata kama ina nyota pungufu moja.

Ijumaa, muda wa saa tatu kabla ya jua kuzama, pita mwenyewe au mtume mtu. Ingia chumbani, zima, kaa kimya, inuka, tembea, uone kama kuna kinachowaka. Panda ngazi kutoka chini hadi juu. Hakikisha dhamana ya malipo imeshawekwa kwenye kadi ya benki, ili Jumamosi mtu asije na karatasi ya kutia sahihi. Kuandika nako kumekatazwa. Wahudumu wa usafi waambiwe wasiingie na kuzima taa zilizoachwa zikiwaka. Meneja wa zamu ya usiku na yule wa Jumamosi asubuhi wapewe nakala ya maelekezo, kila mmoja yake.

Gari la kuwatoa liagizwe lije muda wa saa moja na nusu baada ya jua kuzama Jumamosi, ili wapate kusali, kufanya ibada ya kuaga Sabato kwa divai, manukato na mshumaa, na kufunga mizigo bila kukimbizwa. Bakshishi za wahudumu nazo zitolewe wakati huo, au Alhamisi, kwa kuwa fedha haziguswi katikati.